Funda Moja la Mvinyo Mweupe

Memsahibu alikuwa na masanduku machache ya mvinyo mweupe kutoka kwao Uswisi, na aliupenda kuliko alivyompenda mtu yeyote pale kwenye shamba la kahawa, mumewe akiwemo. Mume wangu alikuwa mpishi wake. Mimi nilifua na kupiga pasi, nikasikia kila somo kupitia dirisha la jikoni.

Huko kwao, memsahibu alimfundisha mume wangu, mizabibu hupandwa kwenye miteremko mikali juu ya ziwa, ikikingwa na kuta za mawe. Udongo ukiporomoka, watu huubeba mgongoni kuurudisha juu. Mume wangu, mtoto wa vilima vya Mbulu, alielewa hilo bila kuambiwa mara mbili. Mvinyo wenyewe ni mwepesi na unachoma ulimi kidogo, kwa hiyo usiuweke karibu na pilipili. Unataka jibini iliyoyeyushwa, viazi vilivyochemshwa na maganda yake, matango madogo ya siki, au samaki wa maji baridi. Na ole wake anywaye maji juu ya jibini ile, itamganda tumboni. Mume wangu alishika yote. Chupa aliizungushia gunia bichi akaiweka dirishani, upepo wa msitu wa Ngorongoro ukaipoza.

Kazi hiyo ndiyo iliyotupa nyumba na kipande cha mahindi nyuma ya kambi ya vibarua. Ukifukuzwa, unaacha vyote.

Jumapili moja, Uhuru ukiwa bado unazungumzwa tu, walikuja wageni kula mchana. Kwa kawaida memsahibu alimimina mwenyewe, akionja kidogo kabla ya kuwapa watu. Siku hiyo mkono wake ulikuwa umeteguka, akamwachia mume wangu. Akamimina, akainua bilauri ya mgeni mkubwa, akapiga funda moja mbele ya wote, kisha akampa kwa mikono miwili.

Kwetu Wairaqw, anayempa mgeni kinywaji huonja kwanza, mgeni akiona. Ni kumwambia kwamba humu hamna sumu, wala moyoni mwangu hamna neno. Mume wangu alikuwa amemwona memsahibu akionja miaka yote, akadhani desturi yao na yetu ni moja. Maskini, aliwaheshimu wale watu kwa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

Memsahibu hakupiga kelele. Alitabasamu.

"Una kiu? Basi maliza chupa."

Akamsimamisha katikati ya chumba, mume wangu akainywa yote, wageni wakichovya mikate kwenye jibini. Alipoyumba walicheka. Alipotapika, akaambiwa apanguse zulia, kisha asionekane tena shambani.

"Hapa mtumishi haruhusiwi kuonja," memsahibu akasema. Nilitamani jibini imgande tumboni mpaka leo, na bado natamani.

Mahindi yetu aliyavuna mpishi mpya. Sisi tulikimbilia kijijini Daa kwa kaka yake mume wangu, tukalala kwenye kona ya zizi la mbuzi. Ilibaki njia moja, kuwaomba wazee kipande cha ardhi, na wazee hawaombwi kwa mikono mitupu. Nilipika pombe ya mtama, nzuri kuliko zote nilizowahi kupika.

Walikuja, wakakaa, wakatuuliza habari kwa upole. Shamba walikuwa wameshalichagua, kando ya kijito. Mume wangu akajaza kibuyu, akakipeleka moja kwa moja kwa mkubwa wao, kwa mikono miwili.

Mzee hakupokea.

"Mwanangu, mbona huonji?"

Mume wangu akageuka akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Siruhusiwi," akasema.

Nilikurupuka nikataka kukinywa mimi. Mzee alikuwa ameshaokota fimbo yake, na wengine wakamfuata bila kutuaga. Shamba la kando ya kijito walimpa mtu mwingine. Nilimtukana mume wangu mbele ya kaka yake, tusi ambalo mke hamtukani mumewe, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akiwa bado ameshika kibuyu kwa mikono miwili.