Kitufe cha Maji

Tumpe hakuwa mtu wa kukubali kushindwa na kitu chenye waya. Pasi ilipokufa aliifungua mwenyewe ikapona. Redio ya mumewe nayo aliifungua, na mpaka leo iko wazi. Kwa hiyo ukumbi wa kanisa pale Mwanjelwa ulipotangaza darasa la kutengeneza programu za simu kwa akina mama, fundi cherehani huyu wa Uyole aliacha sare za shule mezani, zina mikono lakini hazina kola, akaenda kujiandikisha. Majirani walicheka. Wenye sare hawakucheka.

Mwalimu wao, kijana mpole aitwaye Jofrey, alianza kwa kuwatoa hofu. Hakuna kuandika mistari mirefu, aliwaambia. Kwenye skrini kulikuwa na vipande vya rangi, na kazi yao ilikuwa kuvuta kipande kwa kidole na kukipachika kwenye kingine: kitufe kikibonyezwa, toa sauti, sauti ikiisha, tuma ujumbe. Ukipatia, nyota inatokea. Tumpe alizipenda zile nyota kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na akaona kazi yenyewe haiko mbali sana na kuunga vitambaa.

Ndipo baba mkwe wake alipoanguka.

Mzee Ambokile alipatwa na kiharusi shambani kwake milimani Rungwe, katikati ya migomba yake. Alikuwa mjane, mkewe alifariki kabla Tumpe hajaolewa. Asukile, mume wa Tumpe, ambaye ni fundi wa malori kule Nyololo, alimleta baba yake Uyole, akamlaza chumba cha mbele, kisha akarudi kazini. Upande wa kulia wa mzee ulikuwa umepooza, na maneno yalimtoka yamepondeka. Ezron, mdogo wake Asukile, alipita asubuhi na jioni kumwogesha. Muda uliobaki nyumba ilikuwa na watu wawili tu, mzee na mke wa mwanawe, nao ndio watu ambao kwa mila ya Wanyakyusa hawapaswi kuonana.

Utasema mambo hayo yamekwisha. Kwa wengi yamekwisha kweli, lakini si kwa ukoo ule. Tangu aolewe, Tumpe hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni, hakuwahi kuzungumza naye wala kulitaja jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, yeye aliingia kwenye migomba. Hakuona kwamba anateseka. Ndivyo alivyofundishwa kumheshimu mtu, na mzee yule alimheshimu kwa dhati. Tatizo ni kwamba walioiweka mila hiyo hawakuwazia nyumba ya vyumba vitatu yenye mgonjwa asiyeweza kunyanyuka.

Mzee akitaka kitu, aligonga ukingo wa kitanda kwa kikombe cha bati. Tumpe alisimama nyuma ya pazia akabahatisha anataka nini, kisha akamkimbilia jirani yake Devota aingie badala yake. Devota, Mhehe aliyekuwa akiuza vitunguu vya kwao Ruaha Mbuyuni, alikuwa na moyo mwema na mdomo usio na breki.

"Hata sisi wakwe tunawaheshimu," alisema siku moja, akijifuta mikono. "Ila wewe wako umemfanya simba. Atakufa na kiu humu ndani, wewe unaheshimu pazia."

Maneno yale yalimchoma Tumpe. Akavikumbuka vile vipande vya rangi.

Programu aliyoitengeneza ilikuwa na vitufe vinne vikubwa vyenye picha: maji, chakula, choo, maumivu. Mzee akibonyeza kwa mkono wake wa kushoto, simu iliyo kitandani inamjibu kwa sauti, na simu ya Tumpe jikoni inalia na kutaja kinachotakiwa. Sasa, kila kitu ndani ya programu lazima kipewe jina, na hapo Tumpe alikwama. Jina la mkwewe asingeweza kuliandika. Akaandika "yule".

"Yule nani, dada Tumpe?" Jofrey aliuliza, akiinamia simu. "Simu haimjui yule."

"Mimi namjua, mwalimu. Inatosha."

Darasa zima likacheka. Sauti ya kumjibu mzee nayo ilimletea mashaka. Kumsemesha mkwe ni kumsemesha, hata ukipitia kwenye spika, na Tumpe hakutaka kuifanyia heshima ujanja. Akamwomba Devota arekodi, akimwita mzee baba kwa Kinyakyusa: "Nimesikia, taata, ninakuja." Devota alirekodi huku amebana kicheko, na ukisikiliza vizuri unakisikia.

Ikafanya kazi! Ezron alimwonyesha mzee mara moja tu, akaelewa. Akibonyeza chakula, Devota aliingia na uji. Akibonyeza choo, aliitwa mzee wa nyumba ya pili. Kikombe cha bati kikanyamaza. Jofrey alisema ataionyesha programu hiyo kwa wageni wa kanisa, na Tumpe alitembea Uyole nzima kichwa juu.

Kisha kitufe cha maji kikaharibika. Ndivyo alivyoamini. Simu ililia: maji. Devota akapeleka maji, mzee akageukia ukutani. Kabla Devota hajafika nje, simu ikalia tena: maji. Akirudi na kikombe, mzee alikisukuma kwa mkono wake mzima mpaka yakamwagika shukani.

"Hataki," Devota alisema. "Analitazama pazia tu."

"Basi kidole kinagusa mahali sipo."

Tumpe akakikuza kitufe cha maji na kukitenga na vingine. Ikawa vilevile. Akavibandua vipande vyote akavipachika upya. Akampelekea Jofrey, naye akavipitia kimoja kimoja, akasema havina kosa, labda skrini imechoka. Tumpe akampa mzee simu yake nzuri, yeye akabaki na ile mbovu. Maji. Maji. Maji. Asukile alipopiga simu kutoka Nyololo kuuliza hali ya baba, mkewe alimjibu, "Anaendelea, ila kuna kosa dogo, bado nalitafuta." Alianza kumkasirikia mgonjwa, halafu akajikasirikia kwa kumkasirikia mgonjwa. Mchana mmoja aliendelea kushona huku simu inalia, akaiacha ilie mpaka ikachoka.

Siku aliyokwenda Devota Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu, simu ililia tena. Tumpe alijaza kikombe akaenda mpaka kwenye pazia. Ndani pumzi ya mzee ikatulia. Alijua kwamba Tumpe yupo pale. "Mwa..." mzee alisema. "Mwa..." Tumpe akakiweka kikombe sakafuni, akatoka mbio kutafuta jirani mwingine, na alipompata akarudi, mzee alikuwa amefumba macho.

Wiki hiyohiyo kiharusi kikarudi, na safari hii hakikuacha upande. Mzee akapelekwa hospitali. Asukile akaja, na kutoka Rungwe akashuka shangazi yake, Matilda, dada wa mgonjwa. Mwanamke huyo na Tumpe walikaa kwenye benchi nje ya wodi. Ili tu pasiwe na ukimya, Tumpe akamweleza habari za programu, na jinsi kitufe cha maji kilivyomshinda.

Shangazi Matilda aliacha kukunja kanga yake. "Alikuwa anaomba maji?"

"Kila mara, shangazi. Akipelekewa hanywi."

"Nani alikuwa anampelekea?"

"Jirani yangu, Devota."

Mwanamke yule akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Jamani. Mama mkwe wako ndiye angekwambia. Haya ni mambo ya wanawake, hawa wanaume hawajui kitu." Akavuta pumzi. "Kwenye ukoo wetu, mzee akitaka kumfungua mke wa mwanawe, anaomba maji. Hawezi kukuita, si bado mnakwepana? Anatuma neno tu: nataka maji. Wewe unampelekea kwa mkono wako, akinywa, imekwisha. Huingii tena kwenye migomba. Unakaa naye, unaongea naye, wewe ni binti yake."

Tumpe alimgeukia.

"Hakuwa na kiu, mwanangu. Alikuwa anakuita."

Akalia pale kwenye benchi bila kujifunika uso. Alilia kwa uchungu na kwa hasira pia, maana wiki nzima na nyingine alikuwa amekaa anatafuta kosa kwenye vipande vya rangi, na programu yake ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Mzee alisema maji, nayo ikasema maji.

"Nikimpa sasa?" aliuliza. "Itahesabika?"

"Hawezi kumeza. Sijui, mwanangu. Kwa kweli sijui."

Wakaingia wodini. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, Tumpe akamtazama baba mkwe wake usoni. Alikuwa amefanana na Asukile kuliko alivyowazia. Nyusi zilezile, kidevu kilekile. Muuguzi akampa pamba. Aliichovya kwenye maji akaupitisha mkono wake taratibu juu ya midomo ile iliyokauka. Tone moja likaingia, jingine likateleza shavuni, akalifuta kwa kiganja.

Macho ya mzee hayakufunguka. Lakini juu ya shuka kidole chake cha kushoto kikanyanyuka kidogo, kikashuka, kikabonyeza mahali ambapo hapakuwa na simu.

"Nimesikia, taata," Tumpe akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Nimekuja."

Kidole kikabonyeza tena. Akamjibu tena. Waliendelea hivyo, yule na yeye, alasiri yote, mpaka kidole kikaacha, naye akaendelea kujibu.