Tochi ya Fundi

Fundi wa boila, mitambo ya kupasha sakafu joto wakati wa baridi, wa mtaa wetu hapa Busan, hana maneno ya pole hata akikukuta unalia. Akiingia anavua viatu, anagusa sakafu kwa kiganja kama anayempima mtoto homa, kisha anakukabidhi tochi. "Nimulikie hapa. Mkono usitetemeke." Ukitetemeka anakunung'unikia, mpaka unajikuta umeacha kulia ili mwanga utulie.

Juzi boila ya Mama Sun-dok ilizimika, wiki ileile aliyomzika mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa akiijulia. Sisi majirani tulikuwa tunampapasa mgongo tu, na nyumba inazidi kuwa baridi. Fundi alipofika akampa tochi.

"Mzee alikuwa anaigonga wapi?"

"Hapo chini."

"Sipaoni. Hebu gonga wewe, mama."

Akagonga huku akimsema marehemu kwa ubishi wake wa kukataa boila mpya, akacheka, machozi yakamshuka. Fundi hakugeuka, alikuwa anakaza nati.

Sakafu ilipoanza kupata joto nikamsindikiza fundi mlangoni. Alipoinama kuvaa viatu, taa yake ya kuvaa kichwani ilimdondoka mfukoni, ikajiwasha, ikamulika ukumbi mzima. Tukatazamana.

"Mbovu hiyo," akasema, akaizima.