Pikapu ya Baba na Plastiki Yake

Kwetu kitu kipya kilikuwa hakivuliwi nguo. Sofa zilikaa na plastiki zake mpaka zikapasuka na kuanza kutukata mapaja, na saa ya ukutani ilikuwa bado na ile nailoni ya dukani juu ya kioo, hata kujua saa ngapi ilikuwa kazi ya kukisia. Hakuna aliyeona ajabu. Nyumba zote nilizozijua upande wetu, kutoka Kitale kwenda Endebess, zilikuwa hivyo hivyo. Ukiondoa plastiki, umeanza kuzeesha kitu chako kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo baba aliponunua pikapu, miaka ya themanini, mimi nikiwa kidato cha pili, kila mtu alijua itakavyokuwa. Ilikuwa ya buluu. Boneti, milango na mbavu zake zilikuwa zimefunikwa plastiki nyembamba iliyogandishwa kiwandani ili rangi isikwaruzwe njiani. Singasinga aliyemuuzia pale Kitale alitaka kuibandua palepale, baba akamzuia. Yule mzee akamweleza kwa upole kwamba hiyo ni ya safari tu, jua likiipiga sana itashikana na gari na atakuja kujuta. Baba alirudi nyumbani akitusimulia jinsi mtu alivyotaka kumzeeshea gari kabla halijatoka getini.

Mwaka wa tatu plastiki ilikuwa manjano. Wa tano ilichanika kwenye boneti na upande wa dereva, ikawa inapepea vipande vipande gari likienda. Baba aliendelea kusema gari ni jipya. Mimi niliona aibu, na sitajitetea: kila aliponipeleka shuleni nilimwomba anishushe mbali na geti, nikimdanganya kwamba napenda kutembea. Alikuwa akinishusha bila kuuliza.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu Kitale, nikapata mchumba, mwalimu mwenzangu kutoka Bungoma. Wazee wao walipokuja nyumbani kupanga harusi, walisema watatuma gari zuri la kumchukua bibi harusi. Baba akasimama. Akasema binti yake hatabebwa na gari la kuazima. Atampeleka mwenyewe mpaka mlango wa kanisa Bungoma, kwa gari jipya. Wageni wakapiga makofi. Pikapu ilikuwa nyuma ya ghala la mahindi, hawakuwa wameiona. Mama aliangalia sakafu.

Baada ya wiki mbili mchumba wangu aliniambia kwamba mama yake ameshawatangazia akina mama wote wa kanisa: bibi harusi anakuja na gari jipya kabisa. Nilicheka mbele yake, halafu nikabaki na hofu. Baba alikuwa mtu wa kauli. Kama angefika Bungoma na lile gari lenye magamba, wangemcheka mpaka na wajukuu wangehadithiwa.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, alitoka asubuhi na kutangaza kwamba leo plastiki inatoka. Alisema kama mtu anayevua koti. Akaanza kwa kucha, vikatoka vipande kama maganda ya njugu. Akachukua wembe, akauchora mlango wa dereva mstari mrefu mweupe, akabaki ameushika wembe hewani. Mama ndiye aliyesema tufanye kama tunavyonyonyoa kuku. Tukachemsha maji, tukalaza matambara ya moto juu ya plastiki, tukangoja kidogo, tukavuta taratibu. Ikaja. Ilitoka kwa mikanda mirefu, na tulipiga vigelegele kana kwamba harusi imeshaanza.

Saa nne plastiki yote ilikuwa chini. Gundi ndiyo iliyobaki, ya kahawia, inanata kama kitu kilicho hai. Na kwa kuwa ilikuwa Desemba na jirani alikuwa akipura mahindi, upepo ulitupeperushia makapi, yakatua yote kwenye gari. Pikapu ikaota ndevu. Baba alijaribu kuyafuta, yakamganda mikononi, akajaribu kufuta mikono kwenye suruali, suruali nayo ikaota ndevu. Mimi na mama tulicheka hadi tukakaa chini.

Yeye hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya ghala, akaniita kama alivyoniita siku zote kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Mama," akasema, "afadhali ungebebwa na gari yao tu."

Kicheko kikanikauka. Sikuwahi kumsikia akirudisha neno lake.

Wakati huo huo tukasikia hodi. Alikuwa shangazi wa mchumba wangu, aliyetumwa kutoka Bungoma alale kwetu na kunisindikiza kesho yake. Mama, kwa kiherehere, akanyakua magunia matupu ya mahindi akayatupa juu ya boneti kuficha aibu. Yakanasa hapohapo.

Shangazi alitua mkoba wake. Akalizunguka gari. Akavuta gunia moja, likakataa. Akagusa gundi, akafikicha vidole, akanusa. Nilikuwa nimeshaanza kuihesabu harusi yangu kuwa imekwisha.

"Hii si ni kama gamu ya fenesi tu?" akasema. "Ama nyinyi huku hakuna fenesi?"

Kweli, kwetu kuna baridi, fenesi halikubali. Akatuambia kwamba kwao Bungoma mtu hapasui fenesi kabla ya kujipaka mafuta mikononi na kwenye kisu, na gamu ikishakushika, maji hayakusaidii, ni mafuta tu. Akaomba mafuta ya kupikia. Mama akaleta kopo zima lililowekwa kwa pilau ya wageni. Tukajifunga leso, tukapaka gari lote, tukaliacha juani mafuta yaingie, kisha tukasugua kwa matambara laini. Gundi ikajiviringa ikawa kama vijidudu vyeusi, ikaanguka. Baba alipokuja na gunzi ili aharakishe, shangazi alimnyang'anya asije akakwaruza rangi. Tukamalizia kwa sabuni na maji ya moto, maana alisema tukiyaacha yale mafuta, vumbi la njiani litatufanya tuanze upya.

Mchana gari lilikuwa safi, na lilikuwa na rangi mbili. Upande wa dereva, plastiki ilikokuwa imechanika zamani, buluu ilikuwa imepauka kwa mabaka, na ule mchoro wa wembe ukikatiza. Lakini mlango wa abiria ulikuwa umefunikwa wote miaka yote ile. Uling'aa kama siku ulipotoka Kitale.

Shangazi aliangalia upande mmoja, akaangalia mwingine.

"Mkwe," akamwambia baba, "kesho ukifika, simama na huu upande. Mimi sijaona kitu."

Siku hiyo nilimpenda yule mama kuliko nilivyompenda mpwa wake.

Kesho yake shangazi alipanda nyuma na mama kwenye viti vya nyumbani, wakishikilia shela yangu ndani ya mfuko isipate vumbi, mimi nikakaa mbele na baba. Tulipopita Tongaren, bila kuniangalia, alisema, "Plastiki nilikuwa nakuwekea wewe. Nilitaka gari iwe mpya siku yako." Nilifikiria geti la shule na vile nilivyokuwa napenda kutembea.

Tulipofika kanisani Bungoma umati ulikuwa umejaa nje. Baba akauzunguka uwanja mzima ili mlango wangu uwaelekee watu, kisha akasimama mbali kidogo, pembeni, kama alivyozoea kunishusha.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Sogea. Karibu kabisa na mlango."

Akasogea.