Mlango wa Shangazi na Watu wa Bima

Kila mtu aliyesikia habari hii amenishauri nisamehe. Padri amenishauri. Mke wangu amenishauri. Hata mpiga ngoma wetu, ambaye siku hizi anaendesha bodaboda kwa sababu ya jambo hilihili, alinishika bega akaniambia niache, Mungu atalipa. Nimewasikia wote. Bado nina hasira, na ninaandika nikiwa nayo.

Mimi ni mpiga gitaa. Tulikuwa wanne, tukipiga harusi, sendofu na jubilei za mapadri kuanzia Bukoba mjini mpaka ndani kabisa ya Muleba. Vyombo vilikuwa vyangu: spika mbili, mikisa ya kuchanganyia sauti, na gitaa ambalo nililinunua kwa mtu aliyelitoa Kampala, nikakaa nalo miaka kumi na miwili. Gitaa lile nilikuwa nalijua kuliko ninavyojua viatu vyangu. Bila gitaa na mikisa hakuna bendi, na bila bendi watu wanne wenye watoto wanakaa nyumbani.

Ndiyo maana nilikata bima. Wakala alinikuta nje ya kanisa pale Kashozi, misa ya pili imekwisha, watu wanasalimiana. Alikuwa bwana wa makamo, tai shingoni, anacheka na kila mtu. Aliniambia ajali haina kinga, na kwamba watu wenye akili walilijua hilo ndipo wakaanzisha bima. Nikamuuliza, "Na wakiiba?" Akasema unalipwa. "Wakiiba nikiwa kazini, ugenini?" Akasema, "Kaka, popote ndani ya mkoa huu. Ukishaweka sahihi, mwizi anakuwa adui yetu sisi, si wako."

Nikaweka sahihi. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa nyingi, herufi kama chungu. Nilisoma pale palipoandikwa jina langu na pale palipotakiwa sahihi. Kosa hilo ni langu na ninalibeba, sitaki mtu anikumbushe.

Mwaka haukwisha, shangazi yangu wa Nshamba akafariki. Alikuwa dada mkubwa wa baba. Baba yangu alipokuwa anasema gitaa ni kazi ya walevi, shangazi alikuwa ananiita sebuleni kwake, ananikalisha juu ya nyasi mpya alizotandika mwenyewe, ananiambia, "Piga, nisikie ulevi wenyewe." Kwa hiyo alipofariki sikuuliza ratiba wala sikungoja kuitwa. Tulipakia vyombo tukaenda wote wanne, bure, kama inavyotakiwa. Spika tulizifunga nje chini ya turubai kwa ajili ya misa. Gitaa na mikisa, kwa kuwa mvua ilikuwa inachungulia, niliviingiza ndani, chumba cha pili kutoka sebuleni.

Kwetu nyumba yenye msiba haifungwi. Si suala la kusahau. Mlango unaachwa wazi tangu mtu anapofariki mpaka siku ya kuondoa msiba, ili anayekuja kulia asibishe hodi. Na wakati wa kuteremsha jeneza hakuna anayebaki nyumbani. Kaburi linakuwa kwenye kibanja, katikati ya migomba, na ukibaki nyuma kuchunga vitu watu watakusema mpaka wajukuu zako. Kwa hiyo tulishuka wote kibanjani, tukamzika shangazi, tukaimba bila chombo, tukarudi kunawa mikono. Gitaa halikuwepo. Mikisa haikuwepo. Spika zilikuwa palepale nje, nzito kubebeka.

Aliyeiba alikula ndizi na maharage yetu. Alinawa kwenye beseni letu. Labda alinipa pole. Lakini mwizi ni mwizi, hakuniahidi kitu. Hasira yangu kubwa haiko kwake.

Nilikwenda polisi nikapewa RB, namba ya taarifa ya wizi, nikaenda nayo Bukoba kwenye ofisi ya bima. Wakala akanipeleka kwa mama mmoja anayeshughulikia madai, mtu mzima, miwani, sauti ya upole. Akaanza kujaza fomu. Akauliza mlango ulikuwa umefungwa kwa kitu gani, kitasa au kufuli. Nikamwambia haukufungwa, ulikuwa msiba. Akaweka kalamu chini.

"Hakuna mahali palipovunjwa?"

"Mama, ulikuwa msiba. Mlango ulikuwa wazi."

"Mkataba unalipa wizi wa kuvunja. Lazima kuwe na dalili za kuvunja."

Jina lake la ukoo lilikuwa mezani, na kwa jina lile nilijua ni mtu wa kwetu kabisa. Nikamuuliza kwa Kihaya, kwa heshima zote, kama huko kwao Muleba wanafunga mlango wakati wa msiba. Akanijibu kwa Kiswahili, "Kwetu hatufungi. Lakini mkataba haujui kwetu." Akaandika neno moja kwenye fomu, akaigeuza upande wa pili ili nisilisome. Tangu siku ile nimekutana naye mara mbili kanisani, na mara zote mbili nimehama benchi.

Wakala alinisindikiza mpaka nje. Tulipofika kwenye ngazi akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Kaka, umeniangusha. Kwa nini umesema ulikuwa wazi? Sikiliza. Fomu haijapelekwa makao makuu. Nenda Nshamba, vunja kile kitasa, piga picha mbili tatu, niletee. Nitasema ulichanganyikiwa na msiba." Alisema hivyo bila hata kukunja uso. Mtu aliyekuja kanisani kuniuzia uaminifu alikuwa ananifundisha wizi, na kwa nyumba ya nani? Mlango ule shangazi aliuagiza kwa fundi baada ya msimu mzuri wa kahawa, kahawa yake mwenyewe, akaupaka rangi ya kijani kwa mkono wake. Wanasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Sawa. Pale kwenye ngazi nilitamani kupendwa na watu wa bima pia.

Sikuvunja. Nilifanya jambo lingine, baya zaidi: nilisema. Jioni ile nilimpigia simu mume wa shangazi. Nilitaka tu mtu wa kumlalamikia. Nikamwaga yote, fomu, yule mama, mpaka ushauri wa wakala, nikiucheka kwa hasira kama mtu anayesimulia kituko. Mzee aliuliza jambo moja tu, kama bila picha sitalipwa kabisa. Nikasema kabisa. Akasema, "Pole sana, mwanangu," tukaagana.

Siku ya tatu akapiga yeye. "Njoo upige picha," alisema, akakata.

Niliazima pikipiki nikaenda Nshamba nikiwa sielewi, au nikiwa naelewa na sitaki. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje, shati safi, kama mtu anayesubiri wageni. Nyuma yake mlango wa shangazi ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye kitasa mpaka chini. Vibanzi vya kijani vilikuwa vimetapakaa uani.

Mzee huyu ni mwenyekiti wa jumuiya. Ndiye anayeongoza rozari. Katika maisha yangu sijawahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mtoto dawa si chungu. Alikuwa amengoja wanawake waende mtoni, akajifungia ndani ili majirani wasimwone, akachukua shoka akaupiga mlango wa mkewe kutokea ndani, msiba ukiwa haujaondolewa. Jirani aliyesikia kishindo akaambiwa kitasa kimekwama.

Kutokea ndani. Nilisimama pale nikauangalia. Mbao zilikuwa zimefumuka kuja nje, bamba la kitasa linaning'inia nje, na mimi si mkaguzi wa bima lakini hata mimi niliona mara moja. Mwizi anayeingia hawezi kuvunja mlango namna ile. Picha ile ingenipeleka mahabusu, na mzee angenifuata.

"Inatosha?" aliniuliza. "Nikiongeza kidogo huku juu?"

"Inatosha, tata."

"Ijumaa nitakwenda kuungama. Wewe usihangaike na hilo, dhambi ni yangu."

Nikatoa simu nikapiga picha. Nilipiga kwa makini, karibu na mbali, nikamwomba asogee pembeni kivuli kisiingie, kwa sababu alikuwa ananitazama. Picha hizo sikuzipeleka popote. Barua ya kukataliwa ilikuja baadaye, ya aya mbili, nayo ilianza kwa kunishukuru kwa kuwachagua.

Bendi ikafa. Mpiga besi alirudi kwao Maruku kulima. Tulikataa harusi, halafu harusi zikaacha kutuita.

Lakini mzee hakutengeneza mlango. Alisema wakaguzi wanaweza kuja wakati wowote, wakikuta umetengenezwa wataniona mwongo. Mvua za masika zilianza akiwa anaufunga kwa kamba ya mgomba. Kuku walikuwa wanaingia wanavyotaka. Binti yake alinipigia akilia kwamba baba anakohoa, upepo unamwingia usiku kucha, na kila akiletewa fundi anamfukuza. Kila Jumapili baada ya misa mzee alikuwa ananipigia kwa swali moja. "Wamelipa?" Nikasema bado. Jumapili iliyofuata, bado. Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba amevunja mlango wa marehemu bure, kwamba ameungama dhambi isiyomsaidia mtu. Nilijaribu mara mbili, nikaishia kumuuliza habari za kikohozi.

Jumapili ya sita au ya saba nikasema wamelipa.

Akasema, "Waitu, Mungu mkubwa. Basi lete hilo gitaa nilione."

Niliazima gitaa kwa mwalimu wa kwaya, jipya, linang'aa, bado lina harufu ya dukani. Nilipofika Nshamba mlango ulikuwa umeshatengenezwa, mbao mpya, kitasa kipya, rangi ya kijani isiyolingana na ile ya zamani. Sebuleni walikuwa wamekaa majirani watatu, watu wa jumuiya yake, wenye vibanja vizuri. Mzee aliwaita maalumu. Alilichukua gitaa akaliweka magotini, akapitisha kiganja ubavuni kwake kama anayempapasa ndama, akanirudishia akaniambia nipige. Nilipiga zile nyimbo ambazo shangazi alikuwa akizitaka. Vidole vilikuwa vinateleza, nyuzi si zangu. Mzee alifumba macho. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakala yule dakika ile, na kwa mara ya kwanza nilijiona naanza kufanana naye.

Nilipomaliza, mzee aliwageukia wenzake. "Mnaona? Nilikuwa nasema bima ni wizi. Huyu kaibiwa hapa ndani, mbele yetu wote, na wamemlipa. Mimi nimeshakata shauri, nataka kuandikisha nyumba na miti ya kahawa, nikifa watoto wasihangaike." Mmoja akauliza kama wanaandikisha na ng'ombe. Mzee akasema, "Muulizeni yeye, ndiye aliyeyaona." Wote wakanitazama, na yule wa kwenye kona akatoa kalamu na kipande cha karatasi, akaniuliza namba ya simu ya wakala.

Nilikuwa bado ninayo. Nikawasomea.