Bendera Mikononi mwa Baba Mkwe

Mimi si mwepesi wa kuona haya. Ukiwa mwanamke unayeendesha rola, ule mtambo wa kushindilia barabara wenye gurudumu kubwa la chuma mbele, haya unaziacha nyumbani pamoja na khanga. Nimegombana na madereva wa malori, nimegombana na wasimamizi, na mwanamume mmoja sokoni Mugumu aliyeniuliza ni nani hunikanyagia breki nilimpa jibu ambalo siwezi kuliandika hapa. Lakini kuna siku moja, kwenye barabara ya Machochwe, niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Tulikuwa tumemaliza kipande kimoja cha barabara ya changarawe, na rola ilitakiwa kuhamia kipande kingine upande wa pili wa kijiji. Kwa kawaida mtambo kama ule hupakiwa juu ya lori refu ukabebwa. Lori lilikuwa bovu. Msimamizi wetu, kijana wa Dodoma, akaenda kumwomba trafiki ruhusa tuupitishe barabarani wenyewe. Trafiki akaja, akaitazama leseni yangu akakuta ina daraja la mitambo, akaikagua taa ya njano juu ya kibanda, kisha akatoa masharti. Twende mchana tu. Nisipakie mtu. Na mtu mmoja atangulie kwa miguu na bendera nyekundu, kuwaonya wanaokuja. "Na wewe dereva," akanigeukia, "huyo mtu usimtoe machoni."

Masharti ya maana kabisa, sikuwa na ubishi. Shida ilikuwa mshika bendera. Wetu wa siku zote alikuwa amelala na malaria, hivyo msimamizi akawatupia macho vibarua waliokuwa wanazibua mtaro, akamchagua mzee mmoja mwenye miguu mizuri. Mzee huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Kwetu Wakurya mkamwana hamkodolei macho baba mkwe. Mume wangu yuko Nyangoto kwenye mashimo ya dhahabu, mimi naishi kwenye mji wa baba yake, na kila jioni nampelekea mzee chakula. Nakiweka, nainamisha macho, naondoka. Hatupeani mkono, hatukai benchi moja. Akiwa na neno nami humwambia mama mkwe, naye ndiye hunifikishia. Hata pale kazini tulikuwa tumeelewana bila kusemezana: yeye mtaroni, mimi kwenye mtambo, na katikati vumbi la kutosha.

Nikashuka nikamfuata msimamizi. "Yule ni baba mkwe wangu," nikamwambia.

Akacheka. "Vizuri, dada. Basi hutamgonga."

Ningeweza kukataa. Mzee naye angeweza. Lakini kibarua kwa mtu wa umri wake hakipatikani hivi hivi, na alikuwa ameshaichukua bendera. Nikapanda, nikawasha mtambo.

Hebu nioneni nilivyokuwa: nimevaa ovaroli, nimekaa juu ya kichwa cha baba wa mume wangu, naye anatembea mbele yangu kama ng'ombe anayeswagwa kwenda mnadani. Watu wakatoka nje kutazama. Mwanzoni nilijitahidi kumwangalia kama nilivyoamriwa. Nikaona visigino vyake vilivyopasuka. Nikaona shati alilovaa, ambalo lilikuwa la mume wangu na mimi mwenyewe ndiye niliyelifua miaka yote. Uso ukaniwaka moto. Nikayahamishia macho kwenye mtaro, kisha kwenye mahindi ya watu. Nilijiambia rola inakwenda pole pole, kutakuwa na hatari gani.

Karibu na kisima ng'ombe wakakatiza barabara. Mzee akasimama, akainua bendera. Mimi nilikuwa naangalia mahindi.

Mayowe ya wanawake wa kisimani ndiyo yaliyonigutusha. Nikakanyaga breki, mtambo ukasimama. Mzee alikuwa ameruka mtaroni, mguu mmoja peku. Katambuga yake, ile ndala ya tairi la gari, ilikuwa chini ya chuma.

Nilidhani atanitukana. Angenitukana ningepona. Alisimama mle mtaroni, akawageukia wale wanawake. "Mwambieni huyo mama aniangalie," akasema. "Asiponiangalia ataniua."

Mmoja akaja hadi kwenye mtambo, akashika kiuno. "Baba anasema umwangalie. Usipomwangalia utamuua."

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie nitamwangalia."

Akarudi akamwambia, na mzee akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hakuwa amenisikia pale pale. Wahenga wanasema heri lawama kuliko fedheha. Mimi nilipewa vyote viwili, hadharani.

Nikarudisha rola nyuma. Akaichomoa katambuga, mikanda imekatika, akaibana kwapani, akatangulia na mguu mmoja peku juu ya changarawe niliyoishindilia mwenyewe. Safari hii nilimwangalia. Nilimwangalia mgongo, nikamwangalia kisogo, na alipogeuka kunipungia nipunguze mwendo nilimwangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Ilikuwa sura ya mwanangu wa kwanza, pua na yote. Sura niliyoiogesha tangu utoto wake, na sikujua imetoka wapi. Nusura niione mara ya kwanza kwenye jeneza.

Jioni nikampelekea ugali. Nikainamisha macho haraka, nikiona afadhali, maana huko chini ndiko nilikozoea kujificha. Huko chini nikaikuta katambuga. Alikuwa ameifunga kwa waya, ameivaa.

Bado anaivaa. Kila jioni nikiinamisha macho mbele yake, naiona.