Nyekundu ya Kombaini

Kabla sijaeleza ilikuwaje mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima mwenye ndevu, akaonekana Balangdalalu na kucha kumi za rangi kumi, naomba nianze na duka. Nikianza na kucha hakuna atakayeniamini.

Duka lenyewe lilikuwa Katesh, karibu na stendi. Miaka ya uhaba, nilipokuwa bado mwanafunzi kwetu Mbulu, maduka yalikuwa rafu tupu na mwenye duka anayesinzia. Kisha biashara zikafunguliwa, na nilipopangiwa kufundisha Gitting nikakuta ulimwengu mpya: redio za kila ukubwa, suruali za mitumba, biskuti ambazo hata mwenye duka hakujua kuzitamka. Wenzangu walichanganyikiwa na redio. Mimi nilichanganyikiwa na rafu ya tatu kutoka chini, upande wa kushoto, palipokuwa na vikopo vidogo vya rangi ya mafuta, ukubwa wa kopo la dawa ya viatu. Rangi kumi na mbili! Nilizihesabu siku ya kwanza, nikazihesabu tena, nikatoka nje nikarudi ndani kuzihesabu mara ya tatu, mwenye duka akaanza kunishuku.

Vikopo vile vililetwa kwa ajili ya waandika vibao na wapaka baiskeli. Mimi nilivitaka kwa ajili ya magari yangu. Nilikuwa natengeneza magari madogo kwa bati la makopo ya mafuta ya kula, matairi ya ndala zilizochakaa, usukani wa spoku. Tafadhali msidhani yalikuwa ya kuchezea. Mtoto akiligusa moja nilikuwa naumwa tumbo. Yalikuwa ya vipimo: sentimita moja ya kwangu ni sentimita ishirini za gari lenyewe. Nilishawahi kutambaa chini ya basi stendi na futi kamba mkononi, konda akanishikia adabu siku nzima akidhani natoka serikalini.

Kwa hiyo nilikuwa mtu mwenye furaha kamili mpaka ile rafu ilipoanza kupungua. Kwanza zambarau ikaisha na haikurudi. Mahali pake pakawekwa betri. Kisha njano, pakawekwa mafuta ya nywele. Halafu vocha za simu zikaja na ubao wake mzima, zikala nafasi nyingine. Mwisho mkoa wetu ukakatwa kutoka Arusha, tukawa Manyara, na kila shule, kila zahanati na kila ofisi ya kata ikataka kibao chake kiandikwe upya. Waandika vibao waliingia dukani kama nzige. Nilipofika nikakuta vikopo vitatu: nyeupe, nyeusi, na ile kijani ya milango.

"Nyekundu iko wapi?" nikamwuliza mwenye duka.

"Mwalimu, wameandika Manyara mpaka rangi imeisha."

"Utaleta lini?"

"Sileti tena. Kikopo kinakaa rafuni mwaka mzima kikikungoja wewe peke yako. Chukua kopo la lita nne, rangi ya mabati ya nyumba."

Niliondoka bila kuaga, na kwetu kuondoka bila kuaga si jambo dogo. Nilikasirika kwa sababu siku hiyo nyekundu haikuwa ya starehe. Nyekundu ile ilikuwa inishindie mke.

Binti mwenyewe alikuwa mwalimu mwenzangu, sauti ya kwanza kwenye kwaya, mcheshi kiasi kwamba ukikaa naye ofisi moja husahihishi daftari hata moja. Baba yake alikuwa ameendesha kombaini, ile mashine ya kuvunia, kwa miaka mingi kwenye mashamba makubwa ya ngano kule Basotu. Mashamba yalipofungwa mashine ziliuzwa, na ya kwake ikachukuliwa siku ambayo yeye alikuwa msibani. Alirudi akakuta alama za matairi. Tangu hapo, binti aliniambia, mzee hakulitamka tena neno kombaini, wala hakucheka, wala hakumaliza sentensi iliyozidi maneno manne. Wazee wetu wa Mbulu walipoteremka na asali kuniombea mke, aliwasikiliza mchana kutwa, kisha akasema, "Rudini Jumapili ile nyingine." Maneno manne. Wazee walirudi milimani wakiwa hawajui kama wamekubaliwa au wamefukuzwa.

"Si kwamba anakukataa," binti akaniambia. "Siku hizi hakubali kitu wala hakatai kitu. Akiulizwa kama anataka chai, ananyamaza mpaka inapoa."

Nikaona la kufanya hapo hapo. Nitamtengenezea kombaini yake. Kwa vipimo, urefu wa mkono kuanzia kiwiko, na kisu cha mbele kinachozunguka ukikisukuma. Nilikuwa na wiki mbili kabla ya Jumapili hiyo na nilifanya kazi kama mwendawazimu. Bati, spoku, vioo vya nailoni ya kalenda. Ilipendeza hadi nikawa naamka alfajiri kuiangalia. Lakini ilikuwa uchi, na kombaini ya bati tupu inafanana na kopo la mafuta ya kula lililopata ajali.

Rangi yake ilikuwa nyekundu gani? Picha pekee iliyokuwapo kwao Balangdalalu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Mzee mwenyewe asingeulizwa. Mchumba wa bintiye hamhoji baba mkwe, tena jambo linalomuuma. Binti akamchokonoa mama yake, na mama yake akakumbuka neno moja tu: zamani mzee alizoea kusema mashine yake ni nyekundu sawasawa na maksai wa jirani yao, mfugaji wa Kibarabaig. Na maksai huyo alikuwa hai.

Basi! Nilirukaruka chumbani peke yangu. Kilichobaki ni kupata nyekundu nyingi na kuzipeleka kwa ng'ombe.

Siku ya mnada Katesh nilizunguka toka asubuhi. Niliuliza kwa mafundi baiskeli, kwa wauza viatu, kwa mzee mmoja aliyeuza dawa ya kupaka kwato. Hakuna. Nilikuwa nimekata tamaa, nakula nyama choma kwa uchungu, nilipoona turubai la kijana muuza vipodozi. Vichupa vya rangi ya kucha! Vimepangwa safu kwa safu, na safu nzima ni nyekundu! Nyekundu ya damu, ya nyanya, ya tofali, ya udongo wa Gitting baada ya mvua. Na kila kimoja kina brashi yake ndani, brashi nyembamba kuliko zote nilizowahi kushika! Nilichuchumaa katikati ya wasichana wanne, nikasahau kuwa nina heshima ya kulinda.

"Za dada?" muuzaji akaniuliza.

"Za kombaini," nikamjibu, maana furaha ilishanitoa akili.

Wasichana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilinunua vichupa kumi, pamoja na kimoja kilichokaa juani kikageuka rangi ya ajabu, nilichokichukua kwa huruma tu.

Tatizo likawa namna ya kupima. Nilijaribu kwenye kijiti, mti ukainywa rangi ikawa nyeusi. Nilijaribu kwenye bati, ikang'aa sana na kudanganya. Rangi ya kucha, nikagundua, inasema ukweli juu ya kucha. Jumamosi alfajiri, kesho yake ikiwa Jumapili ya wazee, nikakaa kitandani nikapaka kumi zote, kichupa kimoja kwa kidole kimoja, nikizipuliza zikauke. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nitamwekea maksai mikono yote miwili ubavuni, na kidole kitakachopotea ndicho chenye rangi ya kombaini. Mpaka leo naona ulikuwa mpango mzuri.

Sikuwa nimefikiria salamu. Kutoka Gitting hadi Balangdalalu kwa baiskeli unapita wazee wengi, na mzee hasalimiwi huku mikono imefichwa. Nilivaa soksi mikononi. Soksi nene za kijivu, jua likichoma, na kila mzee niliyemkuta nilishuka, nikampa shikamoo na soksi.

"Marahaba. Mikono imefanya nini, mwalimu?"

"Imepasuka kwa baridi ya Gitting, mzee."

"Pole sana. Paka samli."

Nilifika nimeloa jasho na nimedanganya wazee watano. Mwenye boma alikuwa mama wa makamo, mikono imejaa bangili za shaba, anamalizia kukamua. Nilimsalimia, nikamwomba ruhusa nimwone maksai wake mwekundu. Hakuuliza sababu, kwao mtu kutaka kumtazama ng'ombe ni jambo la kawaida kabisa. Alinionyesha akiwa amesimama zizini, mnyama mpole, mkubwa, mwekundu. Nikavua soksi.

Mama yule aliweka kibuyu cha maziwa chini.

"Mwalimu," akasema taratibu, "umekuja kutibu ng'ombe au kuoa ng'ombe?"

Nilimweleza, nikikwama kwa kicheko, maana naye alishaanza kucheka. Alipoelewa aliingia zizini na kunisaidia kwa bidii kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Mimi niliona nyekundu moja ubavuni kwa mnyama yule. Yeye aliona tatu, na kila moja ilikuwa na jina lake kwa lugha yao. "Toa kidole hicho, hicho ni mama yake huyu. Hicho ni ndama. Sogeza hapa begani, hapa ndiyo rangi yake." Maksai alitafuna tu. Na kweli, cha kati cha mkono wa kulia kikapotea! Kucha ilizama kwenye manyoya, nikabaki na kidole kisicho na mwisho. Nilipiga kelele ya furaha, mbuzi wakakimbia.

"Leo huyu ana wageni," mama akasema akimpapasa. "Mzee yule jirani huja kumtazama kila asubuhi. Anasimama pale langoni, hasemi kitu, anaondoka. Sijui anataka kumnunua."

Ningekuwa na akili ningeondoka dakika hiyo. Nilikuwa bado nakiangalia kidole changu nilipomsikia mama akimsalimia mtu nyuma yangu.

Baba mkwe wangu mtarajiwa alikuwa amesimama langoni na fimbo yake. Soksi zilikuwa zimening'inia kwenye baiskeli, hatua ishirini mbali.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba."

Akanyoosha mkono. Mkono wa baba mkwe haukataliwi. Nilimpa wa kulia, na wa kushoto nikaushikisha kiwiko kama nilivyofundishwa na mama yangu tangu sijaota meno, kwa hiyo kucha zote kumi zikajipanga mbele ya macho yake, kwa heshima kubwa. Nilijua kesho wazee wangu watateremka toka Mbulu kuja kusikia kwamba hakuna binti wa mtu anayeozwa kwa mwanamume wa namna hii, na nitastahili.

Hakuuachia mkono wangu. "Unatafuta nini kwa maksai?"

"Rangi, baba."

"Rangi ya nini?"

Mama wa boma alitazama pembeni. Sikuwa na uongo uliobaki, niliutumia wote njiani. "Ya kombaini, baba. Nimekutengenezea. Ndogo, ya bati. Nyekundu imeisha dukani." Nikainua kile cha kati. "Nimeipata. Hiki hapa kinapotea kabisa."

Alimgeukia maksai. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa na kutu ya kutotumika, "Huyu ng'ombe si mashine yangu. Anafanana nayo tu. Nakuja kumwangalia kwa sababu hakuna kingine cha kuangalia."

Niliyahesabu maneno yake baadaye. Pale pale niliona tu mama wa boma amefunika mdomo kwa bangili zake.

Mzee akaanza na dole gumba la kulia. Alikigeuza kila kidole juani, akakisogeza machoni, akakiacha. "Si hii. Hii ni ya trekta. Hii si ya kitu chochote." Akamaliza mkono wa kulia, akashika wa kushoto. Alipofika kidole cha mwisho, kile kidogo, chenye rangi ya kichupa kilichoungua na jua, akasimama. Alikipangusa kwa ncha ya kidole chake, mara moja, mara mbili.

"Hii," akasema. "Jumamosi jioni, tukishaiosha. Inakuwa hivi. Jumatatu vumbi linaiharibu."

Akageuka akaanza kutembea, akiwa amenishika kidole hicho kidogo. Kumwambia akiachie sikuthubutu, na kusema kweli sikutaka. Nilifuata upande upande, baiskeli nikaiacha, soksi nikaziacha, nikapita mbele ya watu waliokuwa wanakwenda kisimani nikiwa na kucha kumi hadharani na moyo unaotaka kuruka nje. Bila kugeuka akasema, "Kesho wazee wako waje mapema. Wasilale njiani." Nikasema ndiyo baba, nikasema ndiyo baba tena, nadhani niliisema mara sita.

Binti alikuwa uani anapepeta mahindi. Alituona tunakuja, akaniona nilivyoshikwa, akaona kucha, ungo ukamtoka mikononi. Mzee hakusimama. Alinipeleka moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, akakiinua kidole changu juu penye mwanga, akamwita mkewe.

"Mama, njoo uone," akasema. "Imerudi."