Dobi Aliyejifunza Kuinama kwa Penseli

Siku moja baada ya kuunguza koti la marehemu Shigeo Onuki, mzee Tokuji Kuramochi alikwenda kuomba radhi. Alipofika mlangoni ndipo alipotambua kwamba hawezi kuinama.

Kuramochi ni dobi wa mtaa wetu hapa Nerima, ana miaka sitini na mitatu, na pasi anaijua kuliko anavyoijua sura yake. Koti lenyewe ni lile la buluu la sherehe ya mtaa. Mama Onuki, mjane wa Shigeo, anauza achari maduka matatu kutoka kwa dobi, na kila mwaka humletea koti hilo alinyooshe, ingawa hakuna anayelivaa. Mwaka huu dobi aliacha pasi juu ya koti akaenda kubishana na redio kuhusu mchezo wa besiboli. Aliporudi, mgongoni pa koti palikuwa na alama ya pasi kamili, hata vile vitundu vya mvuke vinahesabika. Akaruka kulinyakua, na mgongo wake mwenyewe ukafunga papo hapo.

Basi akasimama mbele ya mapipa ya achari, wima kama mwamvuli.

"Mama Onuki, nimekosa. Naomba unisamehe."

"Nimesikia," akajibu Mama Onuki, huku anakata figili. "Umesema vizuri. Umesema kama mtu anayesoma taarifa ya habari."

"Mgongo umefunga, mama."

"Ungefunga na mdomo tungepumzika. Toku, mtu anayeomba radhi anainama. Ukiwa tayari, duka unalijua."

Sasa nikwambieni kilichomuuma. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila Jumanne saa kumi, Mama Onuki alikuja na kibakuli cha figili za achari, wakakaa na dobi na mkewe Fusae nyuma ya duka, wakanywa chai na kuusengenya mtaa mzima kwa zamu. Jumanne ile hakuja. Iliyofuata hakuja. Na daktari alikuwa amesema miezi mitatu bila kuinama. Dobi akapiga hesabu akaona ni Jumanne kumi na tatu. Kununa kwa wiki mbili kunafutika, lakini mtu akinuna Jumanne kumi na tatu anazoea, anaanza kupenda, anatafuta shughuli nyingine ya saa kumi.

Wokovu ulikuja na mashati machafu. Katika wateja wake alikuwapo Bi Sugaya, ambaye mkono wa kulia wa kila shati lake huwa mweusi kwa penseli. Miaka kumi na minane amechora katuni za sinema kwa kulipwa, na Jumamosi mchana huwafundisha wasiojua lolote pale ukumbi wa mtaa.

"Eti unawachora watu wakitembea?" dobi akamuuliza.

"Wakitembea, wakikimbia, wakianguka kwenye ngazi."

"Na wakiinama?"

"Mzee, katika katuni zetu watu wanainama kuliko wanavyopigana. Hiyo ndiyo iliyonilisha."

Jumamosi ile dobi akawa wa kwanza ukumbini. Akapewa karatasi zenye matundu matatu chini, za kupachika kwenye vigingi vitatu ili zisihame, na meza ya kioo yenye taa ndani, ambayo ukiweka karatasi mpya juu ya ile ya zamani unaona mchoro wa chini. Akaambiwa achore mpira unaodunda.

"Mwalimu, mimi nina mtu wa kumwinamia. Mpira sijaukosea kitu."

"Kila anayeanza anaanza na mpira. Huwezi kumwangusha mtu kama hujui kuangusha mpira. Sekunde moja tunaigawa mara ishirini na nne, na sisi kila mchoro tunauacha ukae vipande vitatu. Kwa hiyo ni michoro minane kwa sekunde. Anza."

Dobi alikuwa amekunja mashati miaka arobaini, na mkunjo mzuri ni ule uliopimwa sawasawa. Akachukua rula, akapanga mipira yake kutoka juu hadi chini, nafasi sawasawa kabisa. Walipoipiga picha na kuitazama, mpira ule ulishuka taratibu, ukagusa chini, ukapanda taratibu, kama mtu aliye ndani ya lifti.

"Anakwenda ghorofa ya ngapi?" mwalimu akauliza.

Alikaa na mpira huo wiki tatu. Akafundishwa kwamba juu, pale unapotaka kugeuka, mipira hubanana kwa sababu unasitasita, na ukianza kuanguka huachana mbali kwa sababu una haraka. Akafundishwa kushika karatasi tano katikati ya vidole vya mkono mmoja na kuzipepeta mbele na nyuma ili aone kitu kinavyosogea kabla hakijapigwa picha. Vidole vya dobi vimekakamaa kwa sabuni. Karatasi zikawa zinamtoka, zinaruka hadi kwenye darasa la jirani la kushona wanasesere, naye hawezi kuinama kuziokota. Mabibi wa wanasesere wakazoea kumrudishia.

Hatimaye akaruhusiwa kujichora mwenyewe akiinama. Kuramochi wa kwanza wa karatasi alikuwa na mwendo wa rula ule ule, akashuka kama kile kizuizi cha barabarani treni ikikaribia. Wa pili alishuka akapanda pasipo kutua, kama kuku anayedonoa mchele. Wa tatu ndiye aliyemtia aibu. Ilikuwa majira ya mvua, karatasi zikajikunja kwa unyevu, na dobi hawezi kuona kitu kimejikunja akakiacha. Akazipiga pasi, na kwa mazoea akazinyunyizia wanga. Mchoro wa tano mpaka wa tisa ukashikana ukawa ubao mmoja. Katika sinema, Kuramochi amesimama kwa adabu, halafu ghafla kichwa kiko chini.

Bi Sugaya akaitazama mara mbili. "Huyu haombi radhi. Huyu amempiga mtu kichwa."

Nyumbani ikabidi Fusae awe kielelezo. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, anainama, anainuka, na mumewe anahesabu kwa sauti.

"Tena, mama. Polepole unapofika chini."

"Tangu tuoane sijakuinamia mara nyingi hivi," Fusae akasema. "Na koti niliunguza mimi?"

"Mara hii ya mwisho."

"Mara ya mwisho ilikuwa ya kumi na nne."

Lakini dobi alikuwa ameona kitu, akakipeleka darasani. "Mwalimu, mke wangu akifika chini hafanyi lolote. Nichore nini pale?"

"Usichore. Acha mchoro mmoja ukae sekunde mbili. Kushuka hata gunia linashuka. Anayetazamwa ni yule anayekaa huko chini."

"Nimelipa ada nifundishwe kuchora, sasa nafundishwa kutochora."

"Hilo ndilo somo gumu, ndiyo maana nimelichelewesha."

Sinema ikatimia sekunde sita, michoro thelathini na mitatu. Jumatatu dobi akaibeba kwenye kishikwambi cha Fusae mpaka dukani kwa Mama Onuki, akakiegemeza kwenye pipa la biringanya. Mama Onuki akafuta mikono, akavaa miwani, akatazama mwanzo hadi mwisho.

"Kazi nzuri," akasema. "Huyu kijana ni nani?"

"Ni mimi."

"Ana nywele."

Dobi akagusa kichwa chake, ambacho tangu mwaka wa kumi wa ndoa hakijahitaji kitana. "Nilijichora kwa... kwa ujumla."

"Aliyeunguza koti la Shigeo alikuwa na nywele?"

"Hapana, mama."

"Basi huyu sina ugomvi naye. Niletee aliyeunguza."

Akarudi akafuta nywele mara thelathini na tatu. Alipodhani amemaliza, Bi Sugaya akamwambia kichwa chenye upara chini ya taa lazima king'ae, na mng'ao hautulii mahali pamoja. Kichwa kikiinama, wenyewe unateleza. Dobi akauchora ukikaa palepale kwenye paji la uso, ikawa kama amebandikwa yai la kukaanga. Kichwa chake hawezi kukiona, na kuinama hawezi, basi Fusae akatafuta biringanya nono, akalishika chini ya taa ya jikoni na kulifundisha adabu, mbele, nyuma, huku mumewe anachora. Walipomaliza wakalila na miso, lile rojo la soya.

Jumatatu ya wiki iliyofuata akasimama tena mbele ya mapipa. Fusae alikuja naye. Alisema anataka kuona kama biringanya litasamehewa.

Katika kishikwambi, Kuramochi mdogo mwenye upara akasimama. Akasitasita. Akashuka, na mng'ao ukateleza kutoka kwenye paji mpaka utosini. Akakaa chini sekunde mbili, hatikisiki. Kisha akainuka kama mtu ambaye hana uhakika kama ameruhusiwa.

Mama Onuki akainama kidogo kumjibu, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya.

Basi, vile vifaa bwana vikimaliza sinema huirudia vyenyewe. Kuramochi mdogo akainama tena. Mama Onuki hangeweza kumwacha mtu ameinama peke yake, akarudisha. Mdogo akainama. Mama Onuki akarudisha, chini zaidi. Mteja aliyekuja kununua tangawizi akaona heshima inapita, naye akainama kwa tahadhari.

"Toku," Mama Onuki akasema akiwa huko chini, "mzime huyo. Hataki kuwa wa kwanza kuacha."

"Sijui kinazimwa wapi."

Fusae akakizima. Mama Onuki akajinyoosha, uso mwekundu, akacheka mpaka akashika pipa. Kisha akakaa kwenye kigoda, akakitazama kile kioo kilichozimika.

"Miaka arobaini na miwili niliishi na Shigeo," akasema. "Alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kuniinamia hata siku moja. Hebu mchore."

"Akiinama?"

"Kwangu mimi. Dakika nzima."

Dobi, ambaye sasa ni mtaalamu, akamweleza kwamba dakika haina tabu, kwa sababu mtu akiwa chini mchoro mmoja tu unatosha, unaachwa pale.

"Ataachwa vipi na mchoro mmoja? Aliniudhi kila siku. Mchore upya kila mara, mmoja mmoja, mpaka dakika iishe."

Hiyo ni michoro mia nne na themanini. Mpaka ninapoandika haya dobi amefika wa mia mbili na kumi na sita, na Shigeo bado yuko chini. Kila Jumanne saa kumi Mama Onuki huja na figili zake, hukaa nyuma ya duka, huzipepeta karatasi mpya kwa vidole vyake vya chumvi, na kama mgongo haujapinda vya kutosha, anamrudisha dobi mezani.